Niliyosema juu ya zabibu, na niliyosahau kusema



Leo ninayo kesi ya nyumbani, na mshitakiwa wa kesi hiyo ni mimi mwenyewe.

Miezi minne iliyopita, katika kipindi hiki hiki, niliwasimulieni safari yangu ya Dodoma. Nilisema kwamba mkulima wa zabibu wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka, wakati mwenzake wa kahawa huvuna mara moja tu. Maneno hayo nayakumbuka vizuri kwa kuwa karatasi niliyosomea bado ninayo. Nikaisifu divai, nikaisifu ardhi nyekundu, nikavisifu vichala vilivyoning'inia kwenye nyaya kama taa za harusi. Kisha muziki ukapigwa, nami nikaenda zangu kunywa chai.

Kule kwetu Mpepai, Mbinga, mdogo wangu alikuwa akisikiliza. Ndiye tuliyemwachia shamba baada ya marehemu baba, mibuni mia sita na ushei, na ndiye anayekaa na mama. Wiki mbili zilizopita mama alinipigia simu. Hakuniuliza habari za watoto, jambo ambalo kwa mama si la kawaida. Alisema, "Mwanangu, redio yako inang'oa kahawa ya baba yako."

Mibuni arobaini na mitatu imekwisha kung'olewa. Mahali pake pamechimbwa mashimo, na kwenye kivuli cha banda la mbuzi lipo gunia lenye pingili za mizabibu, zilizonunuliwa kwa mchuuzi aliyepita na baiskeli, shilingi elfu mbili kwa pingili. Za aina gani? Mchuuzi alisema ni "za Dodoma". Nilipompigia simu mdogo wangu hakunijibu vibaya. Alinijibu kwa maneno yangu mwenyewe: "Kaka, si ulisema ni mara mbili kwa mwaka?"

Ndiyo, nilisema. Na ni kweli. Lakini ukweli uliokatwa katikati unaweza kung'oa shamba la watu, kwa hiyo leo sina budi kuyasema yale mengine. Wasikilizaji Waislamu wasizime redio. Zabibu ni tunda kabla ya kuwa divai, na wapo wanaozinunua kwa ajili ya meza na pilau.

Tuanze na mwanzo wa jambo. Mizabibu ya Dodoma ililetwa na mapadre wa Kikatoliki kutoka Italia, waliopanda katika misheni ya Bihawana, kusini-magharibi ya mji, mnamo mwaka 1957. Shida yao ilikuwa ndogo na ya wazi. Sheria ya Kanisa inataka divai ya misa itokane na zabibu, na iwe haikuharibika. Ulanzi, hata uwe mtamu vipi, haufai altareni, wala kangala yetu ya mahindi. Nilipokuwa mtumishi wa misa kule Mbinga nilibeba kijichupa cha divai kila Jumapili bila kujua kilikotoka. Siku moja nilimwuliza padre, akanijibu neno moja tu, "Dodoma", kwa namna ya mtu anayetaja nchi ya mbali. Kwa mtoto wa Mpepai wa miaka ile ilikuwa nchi ya mbali kweli.

Baada ya mapadre wakafuata wengine. Gereza la Isanga lililima zabibu, serikali ikaunda kampuni ya mvinyo iliyoitwa DOWICO, na Makutupora, kaskazini ya mji, kikawekwa kituo cha utafiti. Jina la mahali hapo ndilo limebebwa na zabibu nyekundu inayojulikana kuliko zote huko, Makutupora nyekundu. Miaka ya 2000 kikajengwa kiwanda Hombolo kwa ushirikiano na Waitaliano, zikapandwa na zabibu za kwao, kama Aglianico na Teroldego.

Sasa kwa nini Waitaliano hao waliitazama nchi ya Wagogo, nchi ya mibuyu na vumbi, wakaona inafanana na kwao? Hapa ndipo nilipopita mbio katika mazungumzo yangu ya kwanza.

Kusini mwa Italia, katika kile kisigino cha kiatu tunachokiona kwenye ramani, kuna mkoa uitwao Puglia. Ni nchi ya joto, haina mito ya maana, na udongo wake mwingi ni mwekundu juu ya mwamba wa chokaa. Mvua yake huja wakati wa baridi, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi hadi wa tatu. Majira ya joto ni makavu, jua linawaka tangu asubuhi mpaka jioni, na mashamba ya zamani unaweza kuyakuta hayana nguzo wala waya. Mzabibu umekatwa ukabaki mfupi kama kichaka, ili majani yake yenyewe yavipe vichala kivuli. Hali kadhalika ndivyo ilivyo katika sehemu nyingi zinazoizunguka Bahari ya Kati, kuanzia Hispania mpaka Ugiriki na ng'ambo mpaka Tunisia: mvua ya baridi, kiangazi cha moto.

Mzabibu unaipenda hali hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usingizi. Wakati wa baridi unapukutisha majani yote na kulala, mtu angedhani umekufa, na hapo unaweka akiba ya nguvu katika shina. Ya pili ni ukavu. Zabibu zinapoiva mwezi wa nane na wa tisa hakuna mvua, kwa hiyo ukungu hauna pa kushika. Jua linaongeza sukari ndani ya tunda, na sukari ndiyo inayogeuka kuwa kileo. Ndiyo maana divai za huko ni nzito na kali, asilimia 14 na zaidi si ajabu. Hasara ya joto ni kwamba uchachu nao hupungua, na divai isiyo na uchachu hulala mdomoni kama uji uliopoa. Wakulima wa nchi za joto hutafuta vilima, au upepo wa bahari, ili angalau usiku uwe na baridi.

Dodoma haina baridi ya kuufanya mzabibu ulale. Ipo nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta. Lakini ipo juu, zaidi kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na aliyewahi kulala Dodoma mwezi wa saba bila blanketi hahitaji kuelezwa habari za usiku wa huko. Mvua yake ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, nayo hunyesha kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa nne. Baada ya hapo mbingu zinafungwa. Udongo wa kichanga, mwekundu, unapitisha maji upesi, na mizizi inalazimika kushuka chini kuyatafuta. Ardhi yenye rutuba nyingi na maji mengi huuharibu mzabibu, utakupa majani ya kumtosha mbuzi na vichala vya kumtosha kunguru.

Na usingizi je? Usingizi wa mzabibu wa Dodoma unaletwa na mkasi. Mkulima anapogoa, anaondoa karibu matawi yote ya msimu uliopita, na mzabibu unaanza upya kana kwamba umetoka katika baridi ya Italia. Akipogoa mwezi wa nne au wa tano, atavuna wa nane au wa tisa. Akipogoa mwishoni mwa mwaka, atavuna wa pili au wa tatu. Hizo ndizo mara mbili zangu nilizozitangaza kwa mbwembwe.

Sasa sikilizeni ambalo sikulitangaza. Mavuno hayo mawili si mapacha. Ya kiangazi ndiyo yanayosifiwa, tunda ni tamu na safi. Ya masika yanaiva katikati ya mvua, tunda linajaa maji na kupungukiwa sukari, na magonjwa ya ukungu yanaingia: ubwiri unga unaofunika majani kama vumbi la kinu, na ubwiri vinyoya unaoota chini ya jani. Mkulima anapiga dawa, mvua inaiosha, anapiga tena. Na hata hayo ya kiangazi hayaji bure, yanataka maji ya kumwagilia. Ndiyo sababu kule Chinangali, wilaya ya Chamwino, shamba la wakulima liliwekewa mabomba ya matone. Ongeza nguzo, ambazo mchwa wa Dodoma wanazichukulia kuwa ni chakula cha msaada, ongeza waya, ongeza samadi, na mwaka mmoja na nusu au miwili ya kungoja kabla ya mavuno ya kwanza.

Basi hiyo ni Dodoma, ambako mvua ni haba. Turudi Mbinga.

Wasikilizaji wanaoijua nchi ya Wamatengo wanajua mawingu yake. Milima inapanda kutoka kama mita 900 hadi 2,000 hivi, na mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile ya Dodoma. Mababu zetu walikuwa na shida ya maji kuzidi kiasi, maji yanayoshuka mlimani na kuondoka na udongo, ndipo wakabuni ngolo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga katika miraba, wanawake wanazifukia kwa udongo na kupanda maharage juu ya kingo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo linalokamata maji. Ukitazama mlima uliolimwa ngolo kutoka ng'ambo ya bonde utadhani ni sega la nyuki. Wataalamu kutoka mbali wamekuja kuzisomea ngolo zetu, na sisi tulikuwa tukizilima kwa kuamrishwa na mama.

Sasa jiulizeni: mahali ambapo watu walilazimika kubuni mashimo ili kupambana na mvua, mzabibu unatafuta nini? Ukungu wa asubuhi unaokaa kwenye majani mpaka saa nne ni chakula cha ubwiri. Udongo wetu mzito na wenye asidi unaipendeza kahawa, mzabibu hauupendi hivyo. Kiangazi tunacho, ni kweli, na mtu mwenye maji na dawa na uvumilivu anaweza kupata vichala mwezi wa tisa. Sisemi hautaota. Mzabibu ukiupanda kando ya jiko utaota hata Mpepai, na watoto watafurahi. Nasema kuota ni jambo moja, na kulipa ada ya shule ni jambo jingine. Kama mdogo wangu angekuwa na shamba kule chini Mbamba Bay, ziwani, kwenye joto na maji ya kumwagilia, huenda ningesita kidogo kabla ya kumkatalia, ingawa huko nako mvua na unyevu vinazidi vya Dodoma.

Lakini hali ya hewa si nusu ya maneno yangu. Katika safari ile ya Dodoma nilikutana na mama mmoja wa Kigogo, upande wa Hombolo, ambaye sikumtaja redioni. Nilimwacha nje kwa sababu habari yake haikupendeza na dakika zangu zilikuwa zimekwisha. Alikuwa amekaa kando ya barabara na mabeseni matano ya zabibu nyekundu, na nyuma yake kulikuwa na ndoo zilizofunikwa kwa kanga, zinatoa harufu ya uchachu. Mnunuzi aliyemwahidi kuja hakuja. Nilipomwambia kwetu tunalima kahawa, alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Ninyi mnalala na kahawa yenu ndani ya nyumba. Hii yangu haimalizi hata wiki."

Nimeyafikiria sana maneno yale tangu mama aliponipigia simu. Kahawa tunaimenya, tunaiosha, tunaianika kwenye vichanja, na ikishakauka vizuri inaweza kukaa ghalani miezi. Bei ikiwa mbaya leo, baba alikuwa akikunja mikono na kungoja. Hakuwa tajiri, lakini alikuwa na uwezo wa kungoja, na katika biashara ya mkulima huo si uwezo mdogo. Mwenye zabibu hana. Tunda likishaiva, mnunuzi ndiye mwenye saa mkononi. Ndipo wengine wanaamua kukamua wenyewe na kuuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, divai ghafi inayopelekwa kwa wenye viwanda kwenda kumaliziwa na kutiwa chupani. Huo nao unataka mapipa safi, maarifa, na mnunuzi.

Tena mambo hayo hayakuanzia kwetu. Puglia niliyowatajia, pamoja na jua lake lote, kwa miaka mingi iliuza divai yake kwa matangi, ikasafirishwa kaskazini kwenda kuchanganywa na divai nyepesi za watu wenye majina makubwa. Na kati ya mwaka 2008 na 2011 Jumuiya ya Ulaya iliwalipa wakulima wang'oe mizabibu, kwa kuwa divai ilikuwa imezidi. Hapa kwetu, DOWICO ilipoyumba na kufa, wapo wakulima wa Dodoma waliong'oa mizabibu yao wakarudi kwenye mtama na uwele. Serikali imejaribu kuwasaidia, kwa mfano kwa kuitoza ushuru mdogo divai iliyotengenezwa kwa zabibu za nchini zaidi ya asilimia 75, ili viwanda visikimbilie kuagiza divai ghafi kutoka nje. Ni hatua nzuri. Lakini mama yule wa mabeseni matano hakuwa ameiona siku ile.

Hapa nisikilize upande wa pili, kwa sababu mdogo wangu naye ana hoja, na ni hoja nzito. Aliniambia: "Kaka, wewe una mshahara. Kahawa unaipenda kwa sababu inakukumbusha baba. Mimi inanikumbusha deni." Hapo nilinyamaza. Yeye alikuwa kijana mdogo mwaka 2001 na 2002, bei ya kahawa duniani ilipoanguka mpaka watu wakaona afadhali kuiacha mtini. Mimi wakati huo nilikuwa mjini nikihangaikia stashahada ya uandishi wa habari, na ada yangu ilikuwa imetoka katika kahawa ya miaka iliyotangulia, ile iliyopanda bei baada ya baridi kali kuunguza mashamba ya Brazil mwaka 1994. Yaani baridi ya Brazil ilinisomesha mimi, na yeye akaachiwa bei ya chini. Hajawahi kunisema kwa hilo. Nalisema mwenyewe.

Kwa hiyo siwezi kumwambia akae na mibuni ya baba kama mlinzi wa makaburi. Mingi imezeeka, chulebuni na kutu ya majani vinaisumbua, na dawa ni ghali. Ninachomwambia ni hiki: kama ni kung'oa, na ang'oe mibuni iliyochoka, mistari michache kila mwaka, aweke miche mipya inayostahimili magonjwa hayo. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo Ugano, wilayani humo humo, hahitaji kungoja mchuuzi wa baiskeli. Na kabla hajapanda pingili moja ya zabibu, ajibu maswali matatu ambayo mimi mwandishi nilipaswa kumwuliza yule mama wa Hombolo nikiwa na kinasa sauti mkononi: nani atanunua, atakuja siku ngapi baada ya tunda kuiva, na asipokuja nitafanya nini?

Wenzangu wa chumba cha habari wameniambia nisifanye habari ya nyumbani kuwa kipindi. Sikubaliani nao. Baada ya matangazo yale nilipokea barua na simu kutoka Namtumbo, Tunduru, hata Njombe, watu wakiuliza pingili zinapatikana wapi. Nilifurahi siku ile, nikadhani kipindi kimefaulu. Sasa sijui wangapi kati yao wamekwisha chimba mashimo. Kama wewe ni mmoja wao, na unaishi mahali pa mvua nyingi na mawingu, nakuomba radhi, na nakuomba uisikilize tena sehemu ile ya ubwiri.

Nauli ya basi la Songea nimekwisha kukata, nitaondoka Ijumaa. Mdogo wangu, najua unasikiliza. Jembe liweke chini mpaka nifike. Pingili nne zipande kando ya jiko la mama, karibu na pale anapomwaga maji ya kuoshea vyombo, zilizobaki zifunike kwa gunia bichi zisikauke, tutaona la kufanya. Yale mashimo arobaini na matatu usiyafukie. Nitapitia Ugano kuuliza miche.